Picha za Bwetani: Ushauri kwa Anayetaka Kuzigeuza Kuwa Video

Katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hata Kilwa, na katika nyumba za akraba zetu walioko Maskati, lipo bweta, au mkoba wa ngozi, au mkebe wa biskuti, ambamo zimelundikana picha za karatasi zisizotazamwa na mtu tangu arusi iliyopita au msiba uliopita. Na siku hizi, kwa kuwa karibu kila kijana ana simu janja mkononi, wengi wameingiwa na ghera ya kuzitoa humo, kuzinakili, kuzipanga zifuatane katika video, na kuwaonesha hadhirina siku ya arusi au kuwapelekea jamaa walio ng'ambo. Ghera hiyo ni njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini nimeona video nyingi za namna hii ambamo nyuso hupita moja baada ya nyingine, safi na za kupendeza, pasipo mtazamaji kujua nani ni nani, akabaki na huzuni isiyo na mahali pa kutua. Na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya, ili nimsihi msomaji aianze kazi kwa watu wanaozijua nyuso hizo, kabla hajagusa mashine wala programu yoyote.

Mashine hazitakwisha madukani, na programu zitazidi kuwa nyepesi mwaka hata mwaka, ila bibi mwenye umri wa miaka 85 anayeweza kuitazama picha ya arusi ya kale na kusema kwamba huyu aliyesimama nyuma ndiye somo yake biharusi, na yule mtoto aliyeshika pepeo la ukili ndiye aliyekuja kuwa baba yako, hana badali. Basi nenda kwake kwanza, saa ambayo hajachoka, aghalabu asubuhi baada ya chai, ukiwa na picha chache tu, kwa maana bweta zima likimwagwa mbele ya mzee kwa mkupuo mmoja humchosha na kumchanganya. Mpe picha moja moja mkononi. Simu yako iweke karibu naye ikirekodi sauti kwa idhini yake, na feni ya dari uizime, kwani mvumo wake, ambao masikio yetu yamezoea kuupuuza, huja kuyafunika maneno ndani ya rekodi. Muulize hawa ni nani, walikuwa wapi, na ilikuwa siku gani. Kisha muulize nani aliyepiga picha, na nani hakuwapo siku hiyo, na kwa nini. Swali hili la mwisho hufungua simulizi kuliko mengine yote, kwa sababu aliyekosekana pichani huenda alikuwa baharini, au amekwenda Bara kwa kazi, au alikuwa amekosana na mwenye nyumba, na mambo kama hayo picha haiwezi kuyasema yenyewe. Usimkatize wala usimsahihishe tarikhi. Mwache aseme, nawe utalinganisha baadaye.

Kila picha ipe nambari, na nambari hiyo, pamoja na majina yaliyotajwa kwa mpango wa kutoka kushoto kwenda kulia, yaandike katika daftari. Ukipenda kuandika nyuma ya picha yenyewe, tumia kalamu ya risasi iliyo laini, uandike pembeni bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja, na mkandamizo wake hutokeza upande wa pili, wakati mwingine juu ya paji la uso wa mtu.

Pale wazee wanapohitilafiana, karatasi yenyewe ina ushahidi wake. Igeuze utazame muhuri wa studio, kwa maana kila mji ulikuwa na wapiga picha wake: Unguja palikuwa na akina Gomes tangu karne ya 19, na baadaye Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, na Lamu palikuwa na studio ya Omar Said Bakor. Anayejua studio ilifunguliwa lini na kufungwa lini amekwisha pata mipaka miwili ya kumwongoza. Picha ndogo ya rangi moja yenye ukingo mweupe uliokatwa kwa mawimbi aghalabu ni ya miaka ya 1940 au 1950. Picha ya rangi iliyo mraba kamili mara nyingi imetoka katika kamera nyepesi za aina ya Instamatic, ambazo Kodak ilianza kuziuza mwaka 1963, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo ikiwa ni ya kamera hiyo. Na zile tarakimu za rangi ya chungwa zilizoandikwa pembeni na kamera yenyewe hutwambia kwamba tumefika miaka ya 1980 au zaidi, ingawa si za kuaminiwa kabisa, maana wenye kamera wengi hawakuwa wakiirekebisha saa yake. Kanga nayo ni shahidi asiyepaswa kusahauliwa. Picha ikinakiliwa vizuri, jina la kanga aliyojifunga bibi huweza kusomeka, na wenzake wa rika lile huenda wakakumbuka lilitoka wakati gani na lilikuwa likimlenga nani. Na ikiwa maandishi yake ni ya herufi za Kiarabu, basi kuna dalili kwamba ni kanga ya zama za nyuma zaidi kuliko zile zenye herufi za Kirumi.

Kuna jambo la staha ambalo ni lazima lije kabla ya kazi ya mashine. Miongoni mwa picha za aila za pwani zimo zile zilizopigwa ndani, baina ya wanawake, biharusi akiwa amepambwa na kichwa ki wazi, na waliokubali kupigwa walikubali kwa kuwa walijua zitakaa bwetani na kutazamwa na macho yaliyoruhusiwa. Idhini ile ilikuwa ya bweta, haikuwa ya ukumbi wa watu 300, wala haikuwa ya kundi la WhatsApp, ambamo video ikishaingia haina mwenyewe tena. Zitenge picha hizo. Aliye hai aulizwe mwenyewe, na aliyefariki waulizwe watoto wake, hasa binti zake. Na jawabu likiwa la kukataa, lisijadiliwe. Njia moja ninayoipendekeza sana ni kutengeneza video mbili, moja ya kutazamwa na wanawake katika faragha yao, na nyingine ya watu wote. Kadhalika, ukikusudia kuonesha video katika hitima au arobaini, uliza kwanza, kwa kuwa zipo nyumba zisizoridhia picha za marehemu kuoneshwa siku kama hiyo, na zipo nyingine zinazoridhia picha lakini haziridhii muziki.

Sasa tuje katika kuzishika picha zenyewe. Hewa yetu ya pwani ina joto na unyevu, na viwili hivyo vikikutana na karatasi iliyopakwa tabaka laini la gelatini huzaa koga, hulainisha tabaka lile na kuzigandisha picha pamoja. Nawa mikono, uikaushe barabara, uishike picha kwenye kingo zake; vumbi liondoe kwa brashi laini isiyo na unyevu, na usijaribu kamwe kufuta doa kwa maji, kwa mate au kwa ncha ya nguo. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, maana uso wa mtu utabaki juu ya kioo. Inakili pamoja na kioo chake. Zile albamu za kurasa zenye gamu na karatasi ya plastiki juu yake, zilizoenea katika miaka ya 1970 na 1980, zimeziharibu picha nyingi kwa gamu yake inayogeuka manjano. Humo pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha taratibu, ukiuvuta kushoto na kulia, na ukiona picha inapinga, acha, unakili ukurasa mzima ulivyo.

Ukiwa na skana, au ukipata ya kuazima, jambo la kufahamu ni idadi ya nukta zinazosomwa katika kila inchi moja. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ni kama inchi 4 kwa 6, ikisomwa kwa nukta 300 hutoa pikseli 1200 kwa 1800, na kwa kuwa fremu ya video ya kawaida ni pikseli 1920 kwa 1080, kiasi hicho kinakaribia kutosha kwa picha itakayoonekana nzima, lakini hakitoshi ukitaka kuusogelea uso mmoja katika kundi la watu 20. Kwa hiyo mimi hushauri nukta 600 kwa picha za kawaida, ambazo kwa picha hiyo hiyo hutoa pikseli 2400 kwa 3600, na nukta 1200 kwa zile ndogo kama za pasipoti, kwani picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 haina nafasi ya kupoteza chochote. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili ule weupe uliogeuka kahawia usipotee. Zima marekebisho yote ambayo mashine hufanya yenyewe. Hifadhi kwa TIFF, au kwa JPEG ya daraja la juu kabisa. Na upande wa nyuma, ikiwa una muhuri au maneno, uuskani pia, kwa sababu wasia mfupi ulioandikwa kwa mkono wa marehemu mara nyingine hugusa moyo kuliko sura yake, na utafaa sana ndani ya video.

Wengi wetu hatuna skana, tunakwenda stesheneri. Huko mashine imezoea barua na vyeti, na kijana aliyeketi nayo, usipomwambia, atakupa faili la PDF lenye nukta chache lisilofaa kwa kazi hii. Mwambie kwa upole kwamba unataka JPEG ya nukta 600, kila picha na faili lake, ukae naye hadi amalize, wala usiziache picha dukani usiku kucha kwa ahadi ya kuzifuata kesho.

Simu nayo yafaa, na kwa picha iliyo ndani ya fremu ni bora kuliko skana. Ilaze picha mezani barazani, penye nuru ya kutosha isiyo ya jua la moja kwa moja, nuru itokee ubavuni, uzime mwanga wa simu, na uhakikishe simu iko sambamba na picha, isije pembe moja ikawa pana kuliko nyingine. Ikiwa kioo kinaakisi mwanga au mikono yako, chukua kitambaa cheusi, ukitoboe tundu dogo, upitishe jicho la kamera hapo, na kivuli chake kitaufukuza mng'ao. Ipo pia programu ya bure ya Google iitwayo PhotoScan, ambayo hupiga picha moja mara kadhaa kutoka pembe mbalimbali na kuuondoa mng'ao kwa kuziunganisha. Ni yenye manufaa kwa picha zinazong'aa.

Nakala zikishapatikana, usiguse za asili. Nakili nyingine za kufanyia kazi. Kunyoosha iliyokaa upande, kukata ukingo wa meza, na kuurudisha weusi na weupe mahali pake ni halali. Picha za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zilizogeuka nyekundu zimekuwa hivyo kwa sababu rangi ya buluu-kijani iliyomo ndani yake ndiyo iliyokuwa dhaifu, ikififia hata gizani, na programu nyingi zaweza kuirudisha kwa kiasi. Lakini siafiki kuzitia rangi picha za rangi moja, kwa kuwa mashine haijui kanzu ilikuwa ya rangi gani wala leso ilikuwa na mji wa namna gani, nayo hubuni. Na siafiki hata kidogo zile programu zinazoufanya uso wa marehemu utabasamu na kupepesa macho. Mtoto wa mtoto wake akiuona mwendo ule ataudhania kuwa ndio wa babu yake, na hakuna tena atakayeweza kuufuta kumbukumbuni mwake.

Kuhusu kutunza mafaili sina mengi. Yape majina yanayosomeka, yakianza kwa mwaka, kisha mahali, kisha nambari ya daftari. Yaweke kwako katika kompyuta, nakala nyingine katika diski ya nje, na nakala ya tatu kwa jamaa aliye mji mwingine. Kwa aila zilizogawanyika baina ya Unguja na Omani baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kupelekeana huku kuna faida nyingine, maana huenda nusu ya pili ya albamu yenu iko kule, na picha isiyo na majina hapa ina majina nyuma ya nakala yake kule.

Hapo ndipo video inapoanza, na hapa watu wengi huanza kinyume: huchagua wimbo, wakamimina picha juu yake mpaka wimbo ukaisha. Hesabu yake ni nyepesi, kwani wimbo wa dakika 3 kwa sekunde 5 kila picha hutaka picha 36, lakini matokeo yake ni yale niliyoyalalamikia mwanzo. Nashauri uanze kwa sauti ya mzee. Isikilize rekodi yote ukiwa na daftari, chagua sehemu ambazo maneno yake yana uhai, zikate, uzipange kwa mfululizo wa simulizi, na ndipo uweke picha juu ya maneno, kila moja ikae kwa muda wa maneno yanayoihusu. Picha atakayoisimulia kwa sekunde 40 iache sekunde 40, ukiisogelea polepole pale anapomtaja mtu; na picha isiyo na neno, ikiwa ni ya mtu mmoja, ipe sekunde 5 au 6, ikiwa ni ya kundi, ipe 8 au 10, ili jicho lipate wasaa wa kuzipitia nyuso zote. Usiondoe kikohozi chake wala kicheko chake. Video ya dakika 10 yatosha; picha zisizoingia hazikutupwa, zimo katika diski.

Programu za kazi hii ni nyingi: katika simu wengi hutumia CapCut, na katika kompyuta zipo Shotcut na Kdenlive, ambazo ni za bure na hazitii alama yao juu ya kazi yako. Zote zina mwendo ule wa kuisogelea au kuipitia picha iliyotulia, ambao Apple iliuita kwa jina la Ken Burns, mtengenezaji filamu wa Marekani aliyeutumia sana katika mfululizo wake wa The Civil War wa mwaka 1990, ingawa Wakanada Colin Low na Wolf Koenig walikwisha onesha uzuri wake katika City of Gold, filamu ya mwaka 1957. Waliotangulia hawa walikuwa na sababu kila walipoisogeza kamera: walianza kwa picha nzima, kisha wakatuongoza hadi kwenye mkono, au uso, au kitu kilichofichika pembeni. Ufanye mwendo vivyo hivyo, kwa taratibu, na pasipo na sababu uiache picha itulie. Mpito kutoka picha hadi picha uwe ule wa moja kufifia na nyingine kutokea kwa muda wa sekunde moja. Mizunguko, nyota na mioyo inayoruka huondoa haiba ya nyuso za wazee. Picha iliyosimama wima usiikate kichwa wala miguu ili ijaze kioo cha televisheni kilicholala. Iweke katikati, pembeni pabaki rangi moja iliyofifia.

Majina yaandikwe chini, kwa herufi nyeupe zenye kivuli, yakae si chini ya sekunde 3, yakifuatana na mwaka na mahali. Na usipokuwa na yakini na mwaka, andika kwamba ni miaka ya 1950, jambo ambalo ni kweli, kuliko kuandika 1954, jambo ambalo ni dhana. Muziki, ukiwapo, uwe chini kabisa ya sauti ya msimulizi, upande kidogo pale anaponyamaza. Taarabu ya zamani hupendeza sana katika video za namna hii, lakini fahamu kwamba rekodi nyingi zina wenyewe. Kutazama nyumbani ni jambo moja, na kuipandisha YouTube ni jambo jingine, maana huko video yako huweza kunyamazishwa au kuzuiwa. Kijana wa aila anayepiga udi, akikurekodia dakika chache, atakuondolea shaka hiyo.

Ukimaliza, toa video kwa MP4, pikseli 1920 kwa 1080, ambayo kwa dakika 10 huwa kama megabaiti 750 ikiwa umechagua kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Faili hilo litaingia katika flashi na kuchezwa na televisheni nyingi. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida itabanwa mpaka nyuso ziwe ukungu. Itume kama dokumenti, nayo itafika kama ilivyo. Picha za karatasi zirudishe mahali pakavu, kila moja katika bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu yenye mchwa.

Mwoneshe kwanza yule bibi aliyesimulia, peke yake au pamoja na wanawe, kabla ya ukumbi. Kisha siku ya kuwaonesha jamaa wote, mtu mmoja akae na daftari na kalamu, kwa sababu bila shaka atatokea mtu kutoka Pemba au Tanga atakayesema kwamba yule mnayemwita Fulani ni nduguye, na kwamba pale si mtaa wa Ng'ambo bali ni wa Malindi. Andika kila pingamizi na jina la aliyelitoa, rudi kwa wazee uyapime, sahihisha maandishi, na utoe video upya yenye tarehe mpya katika jina lake, ukiwaomba waliopokea ile ya kwanza waifute.